Tarehe Nyingine

Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kubisha hodi.
Imetukuta Kyimo, ikatusindikiza hadi mlango wa mahakama,
mimi na Tusekile, mwavuli mmoja, bega langu nje.
Nimebeba chupa ya chai, ndizi nne za kuchemsha,
na daftari la shule lenye picha ya twiga
ninamoandika kila tulichoambiwa, na nani, saa ngapi.

Mimi si wakili. Nauza maharage sokoni,
ya njano na kabanima, kwa sado na kwa debe.
Wananiita mama wa kesi. Wengine kwa heshima,
wengine kama mtu anayetaja ugonjwa.

Usiku ule aliponijia, Tusekile hakulia.
Alisema, "Mama Ambokile, una maji ya moto?"
Nikamwambia, bado, mwanangu. Twende kwanza.
Mpaka leo sijapata kumwambia mtu neno gumu kama lile:
usioge.

Kituoni kijana wa zamu aliuliza alikuwa amevaa nini.
Andika, nikamwambia. Gambuti. Koti la mvua.
Kapu la chai mgongoni. Andika na njaa.
Kalamu yake haikuwa na wino. Nikampa yangu.
PF3 iligongwa mhuri saa saba usiku.
Nesi alikuwa na mikono ya joto. Hilo nalo nimeliandika.

Tangu hapo tunapewa tarehe.
Machi, hakimu yuko semina Mbeya.
Aprili, jalada halijarudi.
Mei, shahidi wa pili kahamia Chunya kutafuta dhahabu.
Juni baridi ilituuma hadi ulimi, na umeme ukakatika.
"Tarehe nyingine," husema karani bila kuinua macho,
kama muuza duka anayepima sukari.

Kijijini nako wana mahakama yao, isiyoahirisha.
Walikuja watu watatu wa ukoo wa yule, na ng'ombe.
"Mambo haya tuyamalize nyumbani."
Nikauliza: nyumbani kwa nani?
Ng'ombe alikuwa mzuri, sina ugomvi naye.
Aliondoka na waliomleta.

Yaliyopita si ndwele, walisema wakivuka mfereji.
Ndwele ipo. Inalala imeegemea ukuta, taa ikiwaka,
inashtuka mbwa wa jirani akibweka.
Gangeni hiyo.

Wanadhani namfundisha maneno. Maneno anayo.
Namfundisha kwamba akitaka maji, aombe;
kwamba swali asilolielewa lirudiwe;
kwamba akishindwa kuutazama uso wa yule
alitazame sweta langu jekundu.
Namwambia na ukweli: yule anaweza kushinda.
Akishinda, tutarudi kwa njia ileile,
mimi na wewe, mwavuli mmoja.

Zamani, kabla ya daftari, kulikuwa na msichana
aliyekuja hapa peke yake mara mbili.
Mara ya tatu hakuja.
Kesi yake ilifutwa kwa kukosekana mlalamikaji.
Hakukosekana. Alikuwa sokoni,
anapima maharage.

Leo karani ameinua macho.
Ametaja jina lote, Tusekile Anyosisye Mwakalobo,
na ukumbi ukageuka kumtazama nani mwenye jina hilo.
Ameniachia nusu ya ndizi mapajani.
Wamesema itasikilizwa faragha, wengine tutoke.
Basi sweta nimelivua, nimemvika,
mikono imempita vidole. Amekunja mmoja tu.

Mlango umefungwa. Nimekaa kwenye benchi, natetemeka.
Ndani nasikia kiti kikiburutwa, kisha sisikii kitu.
Nafungua daftari, nalainisha ukurasa kwa kiganja.

Saa nne na dakika kumi.
Ameingia.
Mvua.